Ngozi Nne

Wajukuu wangu wanachimba kisima nyuma ya nyumba, hapa Nkuhungu, na tangu juzi chakula hakinipandi. Wanadhani naumwa. Siumwi. Ni ile harufu ya mchanga mbichi unaotolewa chini, mchanga ambao haujawahi kuona jua. Wao wakiinusa wanafurahi kwamba maji yako karibu. Mimi inanirudishia mzee mmoja aliyeitwa Mahinya, na ninamchukia upya kabisa. Amekufa siku nyingi. Kufa kwake hakukunisaidia kitu.

Tena jana, kisima chenyewe hakijafika hata majini, alikuja mtoto kaagizwa kuniuliza kama jirani yetu wa upande wa chini ataruhusiwa kunywesha ng'ombe wake hapa. Jirani huyo ni mjukuu wa Mahinya. Ana ng'ombe kumi na kitu, na lambo walilokuwa wakinywea limebaki tope. Nimemwambia yule mtoto nitajibu nikimaliza kufikiri. Basi nafikiri, na ninyi wa rika langu mnisikilize, maana wajukuu nikiwaambia wataona nimezeeka vibaya.

Ninyi mlimwona Mdachi kwa macho. Mlisikia hamsa ishirini zikihesabiwa mbele ya watu, kiboko baada ya kiboko. Tusidanganyane basi: hatukumchukia Mdachi vile tunavyowaambia watoto leo. Mdachi alikuwa mbali, leo yuko Kilimatinde, kesho yuko Mpwapwa, na lugha yake hatukuijua. Chuki yenyewe, ile ya kumfanya mtu asage meno akiwa peke yake, tuliwawekea watu tuliokuwa tukiazimana nao moto.

Baba alichukuliwa upagazi mama akiwa na mimba, akafia njiani, hata kaburi hatukuonyeshwa. Katika tembe letu tulibaki bibi, ambaye macho yalishazima, mama na kichanga mgongoni, kaka yangu Nyemo, na mimi, msichana ambaye bado hajachezwa ngoma. Baba alituachia ng'ombe tisa. Hao ndio tuliowajua sisi watoto. Mahinya alikaa ng'ambo ya shamba letu la uwele, mtu mzito, mwenye zizi kubwa kuliko yote pale kijijini, na siku hizo alikuwa akitembea na watu wa jumbe.

Siku waliyokuja kutafuta vijana wa kazi ya reli, Nyemo alijificha ndani ya kihenge. Mimi ndiye niliyemfunika. Nilimwekea ungo juu ya kichwa, nikatandaza uwele juu ya ungo, nikasawazisha kwa kiganja mpaka ukaonekana kihenge kimejaa. Nilijiona hodari sana. Askari walikuwa wawili, na Mahinya aliwaongoza. Walipekua, wakachoma mikuki kwenye majani ya kulalia, wakapiga teke chungu cha bibi, hawakuona kitu. Walikuwa wameshageuka kwenda zao. Kisha mmoja alimuuliza Mahinya jambo kwa sauti ndogo, mlangoni pale, na Mahinya hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidevu kuelekea kwenye kihenge.

Kidevu tu. Kidogo hivi, kama mtu anayefukuza nzi. Wakamtoa Nyemo uwele ukimdondoka masikioni, wakamfunga kamba shingoni, wakaondoka naye. Bibi alikuwa akiuliza, "Wamempata? Wamempata?"

Mwajua kilichoniuma zaidi? Siku ya tatu yake nilimwona mama yangu njiani, kasimama na Mahinya, wanaamkiana vizuri kabisa, habari za nyumbani, habari za watoto. Mama akamuuliza, "Na ng'ombe hawajambo?" Naye akajibu, "Hawajambo, wanakula." Mama akashukuru. Alishukuru, nilimsikia kwa masikio yangu. Tulipofika nyumbani nikamuuliza anawezaje kumwamkia mtu yule.

"Nyamaza," mama akasema. "Yule si mtu wa kugombana naye sasa. Ukikua utajua."

Nikajua palepale, au nilidhani najua. Nilijua mama ni mwoga. Nikamdharau mama yangu mzazi, nikala kiapo moyoni kwamba kama yeye hamwezi Mahinya, mimi nitamweza.

Mwaka ule mvua ilitunyima. Majani ya karibu yakaisha, kisima cha kijiji kikawa cha kugombania kwa vibuyu, na watu wakaanza kupeleka mifugo kwenye mto wa mchanga, mwendo wa siku mbili kusini, porini kusiko na nyumba. Mnaijua mito yetu. Juu ni mchanga mkavu unaounguza nyayo, maji yako chini, na kila ukoo una mahali pake pa kuchimba. Kazi ile ilikuwa ya Nyemo. Mama alikuwa na kichanga na kipofu wa kuangalia. Siku mbili walizungumza yeye na bibi, wakataja majina ya wajomba, na kila mjomba ama alikuwa relini ama alikuwa na ng'ombe wake wa kuhangaikia. Nikasema nitakwenda mimi.

"Wewe wa kike," bibi akasema.

"Ng'ombe hawajui," nikasema.

Mama alinipeleka. Alinionyesha mahali baba alipokuwa akichimba, chini ya ukingo penye migunga miwili, akanisaidia siku moja, na ya pili akaanza kurudi kwa sababu kichanga kilikuwa kimebaki kwa bibi kikinywa uji tu. Aliniachia mfuko wa unga wa uwele, mlenda mkavu, kisu, na muo wa baba, ile fimbo ya kuchimbia yenye ncha ya chuma. Kabla hajaondoka alinishika mabega, akaniambia sheria ya kisima. Alisema, "Mtu hanyimwi maji, awe nani, hata adui. Ng'ombe wa mtu, hiyo ni hiari ya mwenye kisima. Na hakuna wa kuingia kisimani kwako bila ruhusa yako. Anayelazimisha kisima cha mwenzake, mtemi anamtoza, na watu hawampi binti." Kisha akaenda, akigeuka kila mara, mpaka vichaka vikamficha.

Nililia mpaka Paji akaja kunitazama. Paji alikuwa jike letu la zamani, jekundu, lenye alama nyeupe kwenye paji la uso, na ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake. Ng'ombe tisa walisimama wakiningojea mimi. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba mimi ni mtoto. Walitaka maji, basi.

Sitawachosha na kila kitu. Kisima cha mchanga ni kama mtoto mchanga, ukikiacha kidogo kinaharibika. Nilikichimba asubuhi, kikaporomoka mchana. Nikajifunza kukata matawi, kuyasuka pembeni, kushindilia nyasi nyuma yake ili mchanga usishuke. Nilichota kwa nusu ya kibuyu, nikapanda, nikamimina kwenye hori nililolifinyanga kwa udongo wa ukingoni, nikashuka tena. Ng'ombe mmoja peke yake anakunywa vibuyu mpaka unaanza kumtukana. Jioni nilifunga zizi la miiba, nikalala katikati yao nikisikia fisi wanavyozunguka. Nilikula ugali na mlenda, na siku nilizobahatika nilichuma matunda ya furu. Mama alikuja kila mwezi ulipoandama, analeta unga, anakaa siku moja, anawahesabu ng'ombe kwa macho, anaondoka.

Siku moja, maji yalipokuwa yameshuka mno, nilikuwa nimechimba mpaka kichwa changu kiko chini ya uso wa mchanga. Ukingo mmoja ukaachia. Mchanga ukanishika mpaka kiunoni, baridi, mzito, na niliposogea ukaongezeka. Nilimwita mama. Nikamwita Nyemo. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa inakwenda na kutofika popote. Nikaanza kujichimbua kwa mikono, polepole, mguu mmoja kwanza. Jua lilikuwa utosini nilipoanza, na nilipotoka vivuli vilikuwa virefu. Ng'ombe walikuwa bado wamesimama pale wakiningoja. Nikapumzika kidogo, nikashuka tena kuchota, maana walikuwa hawajanywa. Baadaye nilichezwa ngoma kama wasichana wote, nikafundishwa na kuimbiwa, lakini utoto wangu ulikuwa umeshabaki mle shimoni.

Sasa, mtu akiwa peke yake anahitaji wa kuzungumza naye. Mimi nilizungumza na Mahinya. Kila kibuyu nilichokipandisha nilikitia jina lake. Nilimwambia hiki ni cha kamba ya shingoni, hiki ni cha uwele masikioni, hiki ni cha chungu cha bibi. Mikono ikiuma namtukana, naendelea. Watu wanasema chuki inamla mwenye nayo. Labda. Mimi ilinichimbia kisima.

Basi siku hiyo ilikuwa adhuhuri, jua limekaza, ng'ombe wangu wamelala chini ya migunga. Niliona vumbi linakuja kutoka upande wa juu wa mto. Kwanza zikaja kengele, kisha pembe, kisha ng'ombe zaidi ya ishirini, wamekonda, ndimi nje, wengine wanakwenda wakiyumba. Nyuma yao walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa kijana, mpwa wa yule mwenzake, aliyekuwa akitumwatumwa na jumbe, mwenye mdomo usiokaa na neno. Wa pili alikuwa Mahinya.

Mnajua kwetu mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kisima na muo mapajani. Alisimama mbele yangu, mdomo umepasuka, vumbi hadi kwenye kope, akangoja salamu yangu. Nikamtazama. Mwisho akaanza yeye.

"Mbukwa, mwanangu."

"Mbukwenyi," nikaitika.

"Kisima chetu kimekufa. Tumetembea tangu jana alfajiri. Tunaomba maji."

Nikashuka, nikachota, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Akanywa. Nikampa na mpwa wake. Nikawaongeza. Nilitaka asipate mahali pa kunilaumu hata padogo. Alipofuta mdomo akatazama ng'ombe wake, akanitazama mimi.

"Na hawa, mwanangu?"

"Hawa nani?"

"Ng'ombe."

"Mama alinifundisha kwamba mtu hanyimwi maji," nikasema. "Wewe ni mtu, umekunywa."

Mpwa wake akacheka, akasema, "Mzee, tunabembeleza kitoto cha kike? Si tumsogeze tu pembeni." Akapiga hatua. Nami nikasimama juu ya ukingo, nikauchomeka muo kati ya matawi yaliyoshikilia mchanga. Nilimwambia akiongeza hatua moja nabomoa kisima chote, na kukichimbua ni kazi ya siku mbili, na siku mbili hakuna ng'ombe atakayebaki hapa, si wao wala wangu.

"Mimi niko tayari," nikasema. "Ninyi je?"

Nami nilikuwa tayari kweli. Nikilala nikiwaza jambo hilo ndipo ninapojiogopa. Paji na wenzake wote, jasho la miezi mitatu, mali pekee ya mama yangu, ningewaua kwa mkono mmoja ili tu yule mzee aone.

Mahinya alimshika mpwa wake mkono, akamvuta nyuma. Akaniambia kwa upole, "Una hasira ya Nyemo."

"Habari za Nyemo kiulize kidevu chako."

Alimtazama mpwa wake kwa pembe ya jicho, kisha akanisogelea akashusha sauti. "Sikiliza. Ng'ombe hawa si wangu wote."

Hapo ndipo nilipocheka. Na ninyi mngecheka. Maneno hayo tuliyasikia kila siku askari walipoingia zizini kwa mtu. Tajiri wa ng'ombe hamsini anaapa kwa mizimu ya babu yake kwamba si wake, ameachiwa na shemeji, ameachiwa na mkwe. Hata Mdachi mwenyewe alikuwa ameshajifunza kuyasema kwa kejeli, "si yangu, si yangu." Nikaona mzee huyu ananifanya mimi askari wa kudanganywa.

"Ni wa nani basi?"

Alifungua mdomo, akatazama tena kule alikokuwa mpwa wake, akaufunga. Akasema, "Muulize mama yako."

"Mama yuko mwendo wa siku mbili. Maji yako hapa."

Wakati tunasemezana hivyo, jike mmoja alijitenga na kundi lake akaja mpaka chini ya migunga yetu. Alikuwa wa rangi ya udongo, na ubavuni kushoto alikuwa na doa jeupe, umbo la unyayo wa mtoto. Nikadhani anafuata harufu ya maji. Lakini hakuja horini. Alikwenda kwa Paji, akasimama kichwa chini, na Paji akaanza kumlamba shingo, taratibu, muda mrefu, kama anavyomlamba ndama. Nikamwona mjinga Paji, anamlamba adui. Niliokota kijiti nikamfukuza yule wa doa arudi kwao. Alirudi akigeuza kichwa.

Waliondoka kuelekea chini ya mto, ambako labda siku nyingine moja mbele wangepata kisima cha watu wenye huruma. Mahinya hakunilaani. Alipiga mluzi, ng'ombe wakajikokota. Mmoja alianguka kabla hawajapita kona, wakamwinua kwa kumshika mkia.

Nilifurahi, nisiwafiche. Nilifurahi mpaka mwili ukawa mwepesi. Nilicheza peke yangu pale mchangani, nikaimba wimbo wa Nyemo aliokuwa akiupigia zeze. Jioni nikawanywesha ng'ombe wangu, mmoja mmoja, wakanywa wakageuza vichwa wenyewe kwa kushiba. Nikashuka kuchota ya kupikia. Maji yalikuwa bado yananifika magotini. Nikasimama mle ndani nikiyatazama. Hayakutosha kundi lake lote, hilo ni kweli, lakini yangewatosha wengi. Nikajiambia kesho yatapungua, nikapanda juu.

Mvua ilinyesha mwezi uliofuata. Nilirudi nyumbani na ng'ombe tisa na ndama mmoja aliyezaliwa porini. Mama alinipaka samli kichwani mbele ya watu. Bibi alitoka na fimbo yake akawapapasa ng'ombe mmoja mmoja, pembe, nundu, mkia, akiwataja majina, na alipofika kwa ndama, asiyemjua, alicheka. Wanaume wawili watatu waliniamkia kama mtu mzima. Usiku nililala nimeibana habari yangu kifuani kama zawadi. Nilitaka nimsimulie mama asubuhi, polepole, jinsi nilivyomlipia Nyemo deni lake, ili naye apate kufurahi.

Asubuhi, kabla sijaanza, Mahinya alikuja. Mpwa wake hakuwepo. Alikuwa amejitwika mwenyewe mzigo kichwani, mzee wa heshima kama yule, na mama alipouona mzigo ule alikaa chini kwenye vumbi bila kutafuta kigoda.

Ninyi mnaijua desturi, lakini mimi wakati ule niliijua kwa kusikia tu. Mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa, anawawekesha kwa watu anaowaamini, na habari hiyo inabaki kati ya wawili, kwa sababu adui na ugonjwa na mtoza kodi wote wana masikio. Watoto ndio hawaambiwi kabisa, maana watoto machungani husema kila kitu. Aliyewekeshwa anakunywa maziwa, anatunza. Na ng'ombe akifa mikononi mwake, hasemi tu amekufa. Analeta ngozi kwa mwenyewe, aione, ajue kwamba hakuuzwa.

"Nimekuletea ngozi," Mahinya akamwambia mama.

Akazitandika uani, moja, mbili, tatu. Ya nne ilikuwa ya rangi ya udongo. Ubavuni kushoto palikuwa na unyayo wa mtoto, mweupe.

"Ndio wote," mama akasema. Hakuwa akiuliza.

"Ndio wote wa marehemu."

"Mahari ya Nyemo." Mama alipitisha mkono juu ya lile doa. "Siku ile umewaokoa kwa askari, leo wamekufa."

Nikaelewa yote kwa pamoja, kama vile mtu anavyoelewa maumivu. Swali lile la mlangoni lilikuwa hilo: askari walimpa achague, ng'ombe wa zizi lake au kijana wa reli. Yeye alitoa kijana. Ng'ombe wakapona, na katika hao walikuwemo wanne aliowaacha baba ili kijana huyohuyo aje kuoa. Mama alilijua hilo tangu siku ile, ndiyo maana alimwamkia, ndiyo maana aliuliza habari za ng'ombe. Na huyu wa doa alikuwa ndama wa Paji. Paji alimjua mwanawe. Mimi nilimchapa kijiti.

"Wamekufaje?" mama akauliza.

Mahinya aliinua macho akanitazama, na nilikuwa nimesimama mlangoni, samli ya jana ingali kichwani. Nikangoja. Nilitaka aseme. Naapa kwenu nilitaka aseme, tumalize, nami niseme yangu ya kidevu mbele ya bibi na majirani wote.

"Kiu," akasema.

"Hapakuwa na maji?"

"Palikuwa na kisima cha mtu. Hakikutosha."

Hivyo tu. Alinificha. Aliyemtoa kaka yangu kwa kidevu alinifunika mimi kama nilivyomfunika Nyemo kwenye kihenge, na hiyo ndiyo sababu hata sasa siwezi kumsamehe. Angenitukana ningekuwa nimeshapoa. Nilikuja kusikia baadaye kwamba safari ile alipoteza ng'ombe wanane. Wanane, wanne wetu. Nimejiuliza maisha yangu yote kama ni kifo kilichochagua, au ni yeye alipofika kwenye kisima cha mbele akatanguliza wake. Sina ushahidi. Nilichonacho ni chuki, na chuki haina haja ya ushahidi.

Nyemo alirudi reli ilipokwisha pita, kifua kimeharibika, anakohoa asubuhi mpaka adhuhuri. Alioa kwa kuchelewa, kwa ng'ombe wale wale niliowachotea maji, na Paji mwenyewe akaenda katika mahari ile akiwa mzee. Nyemo aliniita mkombozi wake mbele ya wakwe. Nilikubali sifa, nikanyamaza. Mahinya alikuwepo kwenye sherehe hiyo, akala, akanyamaza vilevile.

Lakini asubuhi ile ya ngozi, mama alifuta machozi kwa upande wa mkono, akakumbuka adabu. Akanigeukia.

"Mpe mgeni maji," akasema.

Nikaingia ndani, nikachota kwenye mtungi. Nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu mpaka akamaliza, wala hakubakiza hata tone la kumwaga chini. Akanirudishia, naye kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwanangu."

Ngozi ya doa ninayo. Imekwisha manyoya, imebaki ngumu, ninaitandika chini ya mkeka. Leo alfajiri nimeiviringisha nikaibeba mpaka nyuma ya nyumba, nikaitandaza ukingoni mwa kisima, nikakaa juu yake nikiwatazama vijana wakipandisha mchanga. Mchana huu wamefika majini. Wameniletea kibuyu cha kwanza, cha tope, wanataka nionje kwanza mimi mkubwa. Nimekipokea nikakiweka chini.

Nimemtuma yule mtoto kwa mjukuu wa Mahinya. Nimemwambia amwambie alete ng'ombe wake wote, asibakize hata mgonjwa. Watakunywa wao kwanza, mpaka wageuze vichwa wenyewe. Yeye atasimama pale juani aniamkie, na maji nitampa baada ya ng'ombe wa mwisho.